Picha Kumi na Mbili za Mzee Kalisti

Jumamosi ya tatu mfululizo Bibi Marsela alipoingia studio kwa Lukmani na mfuko wa mchele kichwani, Lukmani alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kamera zake. Haikupasuka. Mwezi wa tisa ardhi ya Mpanda imekauka kweli, nyufa zimejaa, lakini ufa wa kumficha mtu mwongo haumo. Akasimama, akampokea mama wa watu mzigo, akafuta kiti vumbi, akamkaribisha.

Na mama hakuuliza mara moja. Hapo ndipo alipommaliza. Angeingia anafoka, ziko wapi picha zangu, Lukmani angejua pa kushika. Yeye alikaa, akauliza hali ya Kauthar, mke wa Lukmani, na ya watoto, akaeleza kuwa mchele ule ni wa kwao Mpimbwe, wa shamba la mdogo wake, haujachanganywa na wa dukani, kwa hiyo waupike kwa maji kidogo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua, akauliza kama Dar es Salaam wameshasema lolote.

"Bado, mama," Lukmani akasema. "Ndiyo kwanza wanazisafisha. Mafundi wa filamu siku hizi ni wa kuhesabu."

Maneno ya mwisho yalikuwa kweli. Ya mwanzo yalikuwa uongo mtupu. Filamu ilikuwa imesharudi na basi wiki tatu nyuma, imo kwenye droo ya meza, hatua mbili kutoka pale mama alipoketi. Picha kumi na mbili za Bibi Marsela na mumewe hazimo humo, wala hazikuwahi kuwamo.

Sasa nianze mwanzo, nisije nikaonekana namchongea mtu.

Lukmani ni mpiga picha wa hapa mjini, yuko kazini miaka ishirini na ushee. Pasipoti, harusi, ubatizo, mahafali, kila kitu kilipita kwake. Halafu zikaja simu, kila mwenye kidole akawa mpiga picha, na Lukmani akabaki studio anafukuza nzi. Siku moja akaona mtandaoni vijana wa Dar wamerudia kamera za filamu, na maharusi wanawagombania kama mpira wa kona. Akajisemea, hiki ndicho kitakachonirudisha juu.

Kamera yenyewe aliipata Kabungu kwa Candide, fundi baiskeli, ambaye marehemu baba yake aliiacha ndani ya sanduku pamoja na suruali za zamani. Candide hakutaka fedha, alitaka redio ya sola. Wakabadilishana, kila mmoja akaondoka anamwona mwenzake mjinga. Ilikuwa ya Kirusi, chuma kitupu, nzito, haina betri wala kioo cha kuonyesha picha uliyopiga. Juu yake kuna kidirisha cha kuchungulia. Ukichungulia, katikati unaona kidoa cha rangi ya chai, na ndani ya kidoa mtu anaonekana wawili. Unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili waingiane wawe mmoja, ndipo unabonyeza. Lukmani aliupenda mchezo huo kuliko kula.

Lakini hapo pana jambo, na ndilo lililomponza. Kwenye kamera ya namna hiyo, macho yanapita kwenye kidirisha, picha inapita kwenye lenzi, na viwili hivyo havijuani kabisa. Kamera nyingine zote alizozizoea, ukisahau kifuniko cha lenzi unaona giza, unajicheka, unakitoa. Hii haikuambii kitu. Itakuonyesha dunia nzima inang'aa, na huku imefumba jicho.

Filamu ya kwanza ilitoka vizuri. Alipiga soko, alipiga treni stesheni, alipiga wazee wanacheza bao, na kijana wa Dar anayemsafishia filamu akampigia simu kumpongeza. Basi tena. Kamera ikawa haitoki kifuani, hata dukani kununua sukari anakwenda nayo.

Ndipo akaja Immaculata, mwalimu, anayekaa Misunkumilo na wazazi wake. Wazazi hao ndio Mzee Kalisti na Bibi Marsela. Walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na misa ya jubilei ilikuwa imepangwa Jumapili ya pili ya mwezi wa nane. Immaculata alitaka picha moja kubwa ya kuweka mlangoni mwa kanisa siku hiyo. Akasimulia, kwa kucheka, kwamba walipofunga ndoa kule Mpimbwe mwaka sabini na tano alikuwapo mpiga picha wa kuzunguka, akawapiga, akapanda baiskeli yake akisema anakwenda kuzisafisha, na mpaka leo anazileta. Picha ya ujana wao wote wawili haipo hata moja.

Mtu mwenye busara angesikia kisa hicho akachukua kamera yake ya kila siku, na simu juu, na nyingine ya akiba. Lukmani kilimpanda kichwani. Akamwambia Immaculata kwamba wazee hao hawastahili picha za simu, atawapiga kwa mashine ya enzi zao, na picha itakayotoka watazikwa watu wote wa leo bado inaonekana. Maneno makubwa hayo. Immaculata wa watu akafurahi.

Jumanne waliyoagana ikafika, wiki mbili hivi kabla ya misa. Asubuhi Lukmani alimpiga Kauthar picha nne pale mlangoni ili kuijaribu filamu, akavisha lenzi kifuniko kwa ajili ya vumbi, akapanda bodaboda. Misunkumilo akawakuta wazee wameshakaa tayari. Mzee Kalisti alivaa suti ya kahawia iliyoshonwa upya, tai imefungwa na jirani. Bibi Marsela alivaa gauni jeupe la mikono mirefu. Mwaka sabini na tano gauni lilikuwa la kuazima, lilirudishwa jioni ile ile, na hili lilikuwa lake. Alikuwa analishika shika pindo kila mara. Wajukuu walikuwa wametoa simu zao wanataka kupiga.

"Simu chini, nyie," Lukmani akasema. "Leo hapa anapiga mtu mmoja."

Wakazishusha. Nani atabishana na fundi? Zote zikaingia mifukoni, na hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kinaweza kuokoka na hakikuokoka.

Akawapanga kwenye viti viwili, akapiga. Akawasimamisha, akapiga. Kwenye ya tatu Mzee Kalisti akainua kidole kidogo, kama mwanafunzi, akauliza kama kile cheusi pale mbele ndivyo kinavyotakiwa kuwa, maana anavyojua yeye kamera huwa ina kioo hapo. Wajukuu wakacheka. Na Lukmani naye akacheka. Akamwambia mzee hiyo ni ya Kirusi, si kama hizi za kwetu, yeye atulie tu asije akatikisika. Mzee akashusha kidole, akaomba radhi, akatulia.

Akapiga mpaka kumi na mbili. Kwenye ile ya mwisho Mzee Kalisti, bila kuambiwa na mtu, aliuchukua mkono wa mkewe akauweka juu ya goti lake, na Bibi Marsela badala ya kutazama kamera akamtazama mumewe. Lukmani aliwaona kila mmoja wawili ndani ya kidoa, wakaingiana, wakawa mmoja mmoja, wazi kabisa, akabonyeza. Alijua kwamba hiyo ndiyo picha bora aliyowahi kupiga maishani.

Wakati wa kufunga vitu akakuta kifuniko kiko kwenye lenzi. Kisha akajiambia, bila shaka nimekivisha sasa hivi, mazoea tu. Akajiamini upesi sana, mtu anavyojiamini pale asipotaka kujua. Kesho yake akamalizia filamu sokoni, akaituma Dar.

Alhamisi Mzee Kalisti alikuwa anafunga kamba za viatu akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukaenda upande, na maneno yakaondoka, yakabaki machache kama watu waliochelewa basi. Misa ya jubilei haikuwapo. Suti ikarudi kwenye mfuko wake, na gauni pia. Wiki iliyofuata kijana wa Dar akapiga simu. Alisema picha nne za mwanzo safi, za sokoni mwishoni safi, lakini katikati kuna kumi na mbili hazina kitu kabisa, filamu nyeupe kama haijapigwa. Akauliza kwa utani, kaka, hapo katikati ulikuwa umelala?

Lukmani alikata simu akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye sakafu ya studio, mteja wa pasipoti anamtazama. Aliona kidole cha mzee kimeinuka. Hakuona kingine siku nzima.

Angesema siku ile, lingekuwa kosa la kazi, watu wangenuna, wangemsema, mwisho wangesahau. Alikusudia kusema. Lakini Immaculata alipopiga simu kuuliza, neno lililotoka lilikuwa "bado", na lilitoka lenyewe. Ukishasema bado la kwanza, la pili halikuulizi. Immaculata alikuwa na kazi za shule na baba wa kuuguza, akaacha kufuatilia. Akaanza mama. Jumamosi ya kwanza alileta karanga na mchele, ya pili mchele na jogoo, na Lukmani akapokea vyote, kwa sababu kukataa kungemfanya mama aulize kwa nini.

Ile Jumamosi ya tatu, alipokwisha kujibiwa bado, Bibi Marsela hakuinuka upesi. Alisema hamsumbui kwa ajili yake mwenyewe. Ni mzee. Mzee maneno yamemwishia, anaweza kusema maji, anaweza kusema jina la Imma, na anaweza kusema picha. Asubuhi akiamka, kabla hajashika kikombe, anamgeukia mkewe anasema "Picha?" Naye anamjibu iko njiani. Basi anakunywa uji. Asipojibiwa hanywi. Mama alieleza hayo kama anavyoeleza dawa za mgonjwa, hakulia. Akajitanda kanga yake, akaaga, akamshukuru Lukmani kwa kuhangaika na mambo yao.

Mchana huo Kauthar aliupika ule mchele. Nyumba ikanukia mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna sherehe gani. Watoto walikula wakaramba na vidole. Lukmani alifinyanga tonge moja, akalirudisha sahanini. Kauthar, mke anayejua mumewe hata anavyokohoa, akawaondoa watoto akamuuliza yule mama anawalisha kwa kazi gani. Lukmani akamwambia yote, pamoja na kidole. Alidhani atafarijiwa kidogo.

Kauthar hakumfariji. Aliisogeza sahani yake mbali. Akasema kwamba yeye na watoto wameukula mchele wa yule mama Jumamosi tatu, kwa hiyo naye ameingizwa kwenye uongo huo bila kuulizwa, na watoto wake pia, na yeye hataki. Kesho aende. Asipokwenda yeye, atakwenda Kauthar.

Jumapili baada ya misa ya pili Lukmani alikuwa Misunkumilo. Alikuja na kamera yake ya kawaida begani, kwa sababu alikuwa ameshapanga maneno: atasema ukweli, ataomba radhi, atajitolea kuwapiga upya. Njia nzima aliyarudia. Alijiona kama mtu anayepeleka mzigo na kurudi mikono mitupu, mwepesi.

Mzee Kalisti alikuwa kibarazani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. Alimwona, jicho la kushoto likang'aa, na mkono ulio mzima ukainuka. Lukmani akasalimia huku anatazama pembeni, akapita mpaka nyuma kulikokuwa na jiko. Bibi Marsela alikuwa anapepeta mchele kwa ungo. Immaculata hakuwapo. Lukmani hakungoja kupewa kiti.

"Mama, picha hazipo," akasema. "Hazipo Dar, hazipo popote. Nilisahau kutoa kifuniko. Na mzee aliniambia. Aliniambia, nikamcheka."

Ungo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Pumba zikapepea. Bibi Marsela hakumtazama.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Na ile tuliyoshikana mikono?"

"Nayo."

Akapepeta mpaka mchele wa kwenye ungo ukawa safi, akaumimina kwenye beseni, akachota mwingine. Lukmani alimwaga yale maneno aliyoyapanga. Alisema kwamba roho imemsuta usiku na mchana, kwamba hata swala haimkai, kwamba mchele wao umemkaba kooni. Alisema amekuja na kamera nzuri, hii ina kioo, kila picha ataionyesha hapo hapo, wavae tena, awapige sasa hivi. Akaanza na kufungua mkoba.

"Funga hiyo," Bibi Marsela akasema. Hakupandisha sauti. "Kalisti akijiona kwenye kioo siku hizi anageuza uso. Kinyozi akija tunafunika kioo. Sasa wewe utamtoa vipi, na mdomo ule, umwonyeshe ajione?"

Lukmani akafunga mkoba. Alisimama pale mikono haijui pa kukaa. Alitamani atukanwe. Angetukanwa angejua amelipa kitu, angetoka hapo akiwa ameumia na amekwisha. Mama alichagua vijiwe viwili kwenye mchele, akavitupa.

"Umekuja kutua mzigo," akasema mwishowe. "Haya, umeutua. Umejisikia vizuri?"

"Hapana, mama."

"Utajisikia. Kesho au keshokutwa utakula vizuri, utalala. Mimi kesho asubuhi nitaulizwa. Nitamwambia nini mtu yule? Mimi jana nilikuwa namwambia iko njiani na ninaamini. Ile ilikuwa kweli kwangu. Leo umekuja, umenifanya mwongo jikoni kwangu mwenyewe."

Lukmani akalia. Mtu mzima, ndevu zina mvi, alilia karibu na mafiga, na mama akamwacha alie mpaka akamaliza. Hakumpa hata kitambaa. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka kwa kushika kiuno, akamsogelea.

"Imma nitamwambia mwenyewe. Kalisti haambiwi," akasema. "Wala leo, wala akiwa anakata roho. Na mimi kuja mjini nimechoka, miguu inaniuma. Kila Jumamosi utakuja wewe. Utakaa naye pale kibarazani, atakuuliza, utamjibu. Usimjibu kwa kunyata kama ulivyopita hapo mbele. Umtazame."

Lukmani akasema uongo huo hauwezi. Amekuja makusudi ili aachane nao, na mkewe nyumbani kamwambia.

"Ulikuwa unauweza mbele yangu Jumamosi tatu," Bibi Marsela akasema. "Ukapokea na jogoo."

Lukmani akanawa uso kwenye ndoo, akazunguka nyumba. Mama akamfuata nyuma na kigoda, akakiweka karibu na kiti cha mzee, yeye akabaki amesimama mlangoni. Lukmani akakaa. Mzee Kalisti alimgeukia, akahangaika na mdomo wake, mate yakamtoka kidogo pembeni, akakipata alichokuwa anakitafuta.

"Picha?"

"Ziko njiani, mzee."

Alimtazama machoni akilisema hilo, kama alivyoagizwa, na ilikuwa ngumu kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Alidhani yamekwisha. Lakini mzee hakuridhika. Alitikisa kichwa, akajigusa kifuani palipokuwa pakikaa tai, akaelekeza kidole kwa mkewe mlangoni, kisha kwake mwenyewe, akavuta neno lingine ambalo Bibi Marsela alikuwa hajalisikia tangu siku ya kiharusi.

"Vipi?"

Lukmani alimtazama mama. Mama hakutingishika. Basi akaanza kueleza. Alimwambia mzee suti ilimkaa vizuri, bega halikukunjana hata kidogo. Alimwambia kwenye zile za kusimama alikuwa amenyooka wima, amempita mama kwa kichwa kizima. Alimweleza kola, kifungo kimoja kilichokuwa kinang'aa, kivuli cha bati ukutani. Alieleza polepole, kwa sababu yote aliyaona. Kupitia kile kidirisha aliona kila kitu sawasawa, hakuna jicho jingine duniani lililoyaona kama lake. Akafika kwenye ile ya mwisho. Akamwambia mkono wake ulivyokuwa juu ya mkono wa mama, na kwamba mama hakutazama kamera.

"Alikuwa anakutazama wewe, mzee. Ndivyo ilivyotoka."

Mzee Kalisti alicheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja tu, lakini kilikuwa chake. Akatoa mkono wa kushoto chini ya blanketi, akaushika wa Lukmani, akaubana kwa nguvu ambazo Lukmani hakuzitegemea.

"Asante," akasema. "Asante, baba."

Lukmani alitaka kuuchomoa ule mkono. Bibi Marsela alikuwa anamtazama. Akaitikia, "Karibu, mzee," akauacha mkono wake pale ulipokuwa.